Watu Hawahesabiwi

Dada yake Kiara aliniandikia kwa simu asubuhi, nikiwa shambani hapa Kiirua napalilia viazi. Maneno yalikuwa machache, kwa Kiitaliano: Kiara amefariki, ugonjwa umemshinda, atazikwa kesho. Nilisoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni, nikamaliza mstari niliokuwa nimeuanza. Kwetu mtu akifiwa, majirani huja wakaketi naye. Wanaleta sukari na majani ya chai, wanapika, wanazungumza mambo ya ng'ombe na mvua mpaka mwenye msiba apate nguvu ya kutaja jina la marehemu. Mimi hakuna aliyekuja, kwa sababu hapa hakuna aliyemjua. Mama Mutwiri, jirani yangu, aliponikuta kwenye mfereji aliniuliza mbona macho ni mekundu, nikamwambia nimefiwa na rafiki. "Wa wapi?" "Wa Italia." Alinitazama kidogo. "Basi huko hata kuzika hutaenda," akasema, akainua mtungi wake. Hakusema kwa ubaya, alisema tu ilivyo. Nikaona kwamba nisipokuwa na mtu wa kumsimulia, heri niandike. Siandiki maisha yake yote, kwa kuwa mengi siyajui. Naandika mwaka mmoja tuliolala chumba kimoja, upande wa juu wa Embu, pale mashamba ya chai yanapokutana na msitu wa Mlima Kenya.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, na nilikuwa nasomea ufundi wa mabomba katika chuo kidogo cha misheni. Misheni hiyo ilikuwa inajenga mtambo wa umeme wa maji, mdogo, wa kutosha hospitali na shule. Wahandisi walikuwa Waitaliano na vitabu vya mashine viliandikwa kwa lugha yao, kwa hiyo sisi wanafunzi tulisoma ufundi mchana na Kiitaliano jioni, na ambaye angefanya vizuri angepelekwa kwao akasome zaidi. Kiara alikuja na mpango kama wetu, ila wake ulitoka upande wa pili. Alikuwa anamalizia uhandisi katika chuo kikuu cha kwao, na masomo yake yalimtaka akae mwaka mzima nchi ya nje, ajifunze lugha ya wenyeji na asimamie kazi akiwa kati yao. Mwishoni Injinia mkuu, mzee mwembamba tuliyemwita Renzo, ndiye angeandika kama anafaa kusimamia watu. Akiandika hafai, mwaka wake umepotea na inabidi aurudie. Kiara alinieleza hayo usiku wa kwanza, nusu kwa maneno na nusu kwa mikono, akiwa ameketi kitandani na buti zake bado miguuni.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja linalotazama chai, na meza yenye mguu mfupi tuliyoikingia kipande cha tofali. Kila jioni tuliweka vifaa juu ya meza hiyo na kubadilishana maneno. Aliinua kitu, nikasema koleo; akalirudia neno mpaka likatoka sawa, kisha akasema jina la kitu hicho kwa Kiitaliano, nami nikahangaika nalo. Spana, msasa, kipimo cha usawa, mpaka soksi zake zilizoning'inia kwenye kamba juu ya vichwa vyetu. Mimi nilipokosea alicheka, na yeye alipokosea nilicheka, na hiyo ilikuwa haki yetu. Nikikumbuka sasa naona hatukuwahi kujifunza maneno ya ugomvi. Hakuna aliyeinua kitu mezani akauliza, hili la kukatalia mtu unayempenda linaitwaje.

Kazi yenyewe ilikuwa bomba la chuma lililoshuka kutoka penye banio, ukuta mdogo uliozuia mto juu kule msituni, hadi kwenye nyumba ya mashine iliyokuwa bado haina mashine. Bomba lilikuwa pana, mtu mzima aliweza kuingia kwa kutambaa. Vijana waliingia ndani kuchomelea maungio na kuyasugua, na kila baada ya vipande kadhaa Renzo alifungua lango juu kidogo tu, maji yakashuka na kusukuma nje takataka za chuma. Yeye alikaa juu kwenye usukani wa lango. Kiara alikaa chini, mdomoni mwa bomba, na redio ya mkono, nami nikasimama kando yake kutafsiri. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu ndani. Karibu na hapo palikuwa na kibanda cha mabati ambamo Mama Wanja alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa nyeusi, na vijana wakitoka bombani walikwenda moja kwa moja kwake, wa kwanza Njue. Njue alikuwa mchomeleaji hodari, mtu wa Mbeere, mnene wa shingo, na utani wote wa pale ulimhusu yeye na chakula.

"Njue, umenawa?" Mama Wanja alimuuliza kila siku.

"Nimenawa juzi."

"Basi subiri kesho ndio ule."

"Mama, nipe tu hayo yaliyoshika chini ya sufuria. Hayo hayahitaji kunawa."

Kiara aliyaelewa maneno hayo kabla ya mengine yote. Alikula na vijana, akaketi kwenye mawe kama wao, na siku aliyopika tambi za kwao Mama Wanja alizinyanyua kwa mwiko akauliza kama hizi ni kamba za kufungia mbuzi, lakini alimaliza sahani. Walimpenda. Tatizo lilianza siku ile alipouliza swali alilolifanyia mazoezi chumbani kwetu jioni nzima. Vijana walikuwa wametoka, wamesimama kwenye nyasi wakijipangusa, na yeye akainua redio akauliza, kwa Kiswahili kizuri, "Mko wangapi?"

Kicheko kilikatika. Mzee Ireri, msimamizi wao, mtu wa Embu aliyeheshimiwa hadi sokoni, alitazama upande wa mto. "Tuko," akasema.

"Wangapi?"

"Sisi wote, mwari. Tumetoka." Mwari ni binti, alimwita hivyo tangu siku ya kwanza.

"Gatwiri, wewe Mmeru," Nyaga akaniambia kutoka nyuma, "hebu uliza rafiki yako, kwani kuna lori linakuja kutubeba?" Wachache walicheka. Mzee Ireri hakucheka.

Nilipaswa kumwonya mapema, lakini hata haikunijia, kwa sababu ni jambo ambalo kwetu halifundishwi. Unakua nalo tu. Watu hawahesabiwi. Mama akiulizwa ana watoto wangapi hujibu kwamba Mungu amemwona, basi. Mfugaji huko chini Mbeere huwatazama mbuzi wake wakiingia zizini, akajua nani hayupo, lakini hatasema idadi kwa mdomo. Kusema idadi ni kama kuwaonyeshea balaa kwa kidole. Nilimweleza Kiara jioni ile na akaandika kila neno, na siku zilizofuata hakuuliza tena. Alitazama nyuso zao, akasema kwenye redio kwamba wote wametoka. Na kutoka juu sauti ya Renzo ikarudi kavu: "Quanti?" Wangapi? Kila siku alirudia hilo neno moja.

Wakati wa chakula cha jioni, kwenye ukumbi wa misheni, Renzo aliongea bila kuinua macho kutoka kwenye supu. Wenzake walidhani sielewi, na kweli miezi ya kwanza sikuelewa, lakini sasa nilielewa. Alisema bomba halijui mila. Alisema kama msichana hawezi kupata namba kwa watu wanaompenda, ataipataje kwa watu wasiompenda. Hatafungua lango tena bila namba, na kazi ikisimama ataandika sababu. Kiara aliweka uma mezani polepole, usitoe sauti. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imetulia kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumapili alinishika mkono tukaenda nyumbani kwa Mzee Ireri. Alitukaribisha kwenye viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa, mkewe akaleta uji na ndizi mbivu, na kama ilivyo desturi hakuna aliyegusa jambo lenyewe mpaka vikombe vikaisha. Kisha Kiara akasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake, akinigeukia tu pale alipokwama: asipotoa namba atarudishwa kwao, na mwaka wake umepotea.

Mzee Ireri alinigeukia. "Mwambie hivi," akaniambia, ingawa Kiara alikuwa anamsikia. "Hawa ni watoto wa watu. Nikiwahesabu, halafu mmoja apate shida, nitamwambia nini mama yake?"

Nikamwambia.

"Na atarudishwa kwao kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Mkewe alisikika kutoka jikoni. "Mpatie msichana namba yake aende kwao na amani. Kwani namba ni nini?"

"Wewe mama, pika," Mzee Ireri akasema, bila hasira.

Jumatatu vijana walipotoka, alikuja mpaka alipo Kiara, akatazama viatu vyake mwenyewe, akasema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu: "Kumi na mmoja." Kisha akaondoka. Kiara alisema namba ile kwenye redio na uso wake ukawaka. Kwa wiki chache mambo yalikwenda sawa. Lango lilifunguliwa, maji yalishuka, Renzo akaacha kulalamika mezani. Lakini mimi nilisimama pale kila siku na nilimwona mzee. Hakuwa anahesabu. Aliwatazama vijana wakitoka, kama alivyofanya siku zote, na baadaye akaitoa ile namba kwa ajili ya mgeni wake, jinsi mtu anavyotoa kiti. Siku ambayo Nyaga alikuwa ameenda matanga Runyenjes, namba ilibaki ileile.

Nilimwambia Kiara usiku huo, taa ikiwa imezimwa.

"Lo so," akasema. Najua. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, nadhani ili nimwelewe hasa. "Anajaribu kwa ajili yangu. Nikimwambia mbele ya vijana kwamba si kweli, nitamvunja."

"Na kama mtu atabaki ndani?"

"Mimi nawatazama. Wewe unawatazama. Mzee anawatazama." Akageukia ukuta. "Usimwambie Renzo."

Sikumwambia Renzo, kwa kuwa hakuniuliza. Lakini tangu usiku huo sikuweza kusimama pale kwenye nyasi nikiwa na utulivu. Lango lilipofunguliwa nilihisi magotini kabla ya kusikia masikioni, ule mngurumo wa maji yakija ndani ya chuma, na kila mara nilishusha pumzi ilipotoka michanga na vipande vya waya peke yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu. Vijana walitoka bombani wamechafuka, wakaenda kwenye kibanda, na Mzee Ireri aliwaona wote wakitoka. Hilo ni kweli na alilisema mpaka mwisho. Kilichotokea ni kwamba Njue alikumbuka nyundo yake ya kuondolea magamba ya kuchomelea, iliyokuwa imebaki ndani, akarudi kuichukua akipitia tundu la ukaguzi lililokuwa juu kidogo, nyuma ya mahali tuliposimama. Mzee akaja. Akatazama viatu vyake. "Kumi na mmoja." Kiara akasema kwenye redio, undici, wote wametoka, na juu Renzo akaanza kuzungusha usukani.

Nyuma yangu nilisikia Mama Wanja akigonga sufuria. "Leo Njue ameokoka," akasema. "Hata hajaja kugombania chini ya sufuria."

"Pengine amepata mke," mtu akasema.

"Mke gani? Labda wa kupika."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimegeuka tayari. Niliwatazama waliokuwa kwenye mawe, sahani mikononi, na shingo ile nene haikuwepo. Sikumwambia Kiara. Hapakuwa na muda wa kumwambia. Nilinyakua redio mkononi mwake nikasema kwa Kiitaliano, funga, kuna mtu ndani. Kwa miezi yote sikuwahi kumwambia Renzo neno bila kutanguliza bwana na tafadhali. Hakuuliza ni nani anayesema; alifunga. Lakini maji yaliyokwisha kupita hayakuweza kurudi, na tuliyasikia yakija.

Sitaeleza kwa maneno makubwa. Kiara alikimbia akapiga magoti mbele ya mdomo wa bomba akiita jina lake ndani, Njue, Njue, na sauti yake ikamrudia. Mzee Ireri alikuwa amesimama palepale, mikono imelegea. Kisha maji yalitoka, si mengi, ya rangi ya kutu, na pamoja nayo akatoka Njue, miguu mbele, akikohoa, mkono mmoja umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa mzima. Vijana walimbeba. Mama Wanja alivua khanga yake akamfunika, na wote walikuwa wakisema kwa pamoja, kwa Kiembu na Kimbeere, na mimi Mmeru sikushika hata nusu. Nilisikia tu mwanamke mmoja mzee akisema kwamba ndio haya sasa, wamehesabiwa.

Alasiri tuliitwa kwenye ukumbi wa misheni. Vikombe vya chai ya saa nne vilikuwa bado mezani. Renzo alikaa upande mmoja, Kiara upande mwingine, Mzee Ireri alikataa kuketi. Mimi nilisimama katikati nikitafsiri. Renzo aliuliza nani alihakikisha watu wametoka.

"Mwambie ni mimi," Mzee Ireri akasema. "Mimi ndiye nilisema namba. Msichana hana makosa."

Nikasema hivyo. Kiara akasema kwa Kiitaliano kwamba si kweli, redio ilikuwa mkononi mwake, kosa ni lake. Nikamtafsiria mzee. Mzee akatikisa kichwa. "Mwambie asimsikilize. Ni mtoto, anajitwika."

Renzo alisugua macho. Kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza hakuniangalia kama dirisha la kupitishia maneno. "Wewe ulikuwa pale kila siku," akasema. "Mzee alikuwa anahesabu?"

"Hapana, bwana. Alikuwa anawatazama wakitoka, kisha anasema namba."

"Na yeye alijua kwamba hahesabu?" Alimaanisha Kiara.

Chumba kile bado nakiona. Kitambaa cha plastiki mezani chenye picha za matunda, nzi kwenye sukari, Kiara akitazama mikono yake. Ni watu wawili tu duniani waliokuwa na jibu, na tulilipata gizani, kila mmoja kitandani kwake. Ningesema sijui, hakuna ambaye angenikanusha. Mzee angefukuzwa, kwa kuwa alikwisha kujitoa mwenyewe, na Kiara angemaliza mwaka wake. Lakini nilikuwa nimeona ule mkono uliopinda.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia, akasema anajua."

Mzee Ireri akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu mzima, kisha akatoka nje na kofia yake mkononi.

Kiara aliandikiwa kwamba hafai. Mzee Ireri alibaki, kwa sababu vijana walikataa kuingia bombani bila yeye, na babake Njue alikuja mwenyewe kutoka Mbeere kumwombea. Kwa siku chache mimi na Kiara tulizunguka chumba kile kama watu waliobeba kitu kizito kati yao na hakuna anayetaka kukiachia kwanza. Alikunja nguo. Alitoa soksi kwenye kamba. Jioni moja akaketi akasema, "Ungesema hukusikia."

"Nilisikia."

"Ndiyo." Akainua buti, akaiweka tena. "Kama ungesema hukusikia, ningekushukuru. Halafu nisingelala tena chumba kimoja na wewe." Hakusema amenisamehe, na sikuomba. Aliniomba tu nimfundishe namna ya kumwambia mama yake Njue pole bila kuonekana kama anataka kujibiwa, na tulilifanyia kazi hilo mpaka chakula cha jioni kikatupita. Miaka iliyofuata nilienda Italia, nikaishi kwa mama yake, nikamwona akimaliza masomo yake kwa kuchelewa na kuwa mhandisi ambaye watu wake walimlalamikia kwa kuuliza mara mbilimbili. Tuliandikiana mpaka mwaka huu. Jambo la ukumbini hatukulitaja tena.

Asubuhi ya kuondoka kwake, gari la misheni lilikuwa uani na mizigo yake ilikwisha kupakiwa. Tulidhani tutaagana sisi wa chumbani na masista basi. Kisha tukaona vijana wanapanda kutoka mtoni, na Mzee Ireri mbele yao. Kiara alishuka kwenye gari. Alisimama wima, kama anayengoja kuambiwa kitu kibaya.

Mzee Ireri alimpa mkono. "Ireri," akasema, kama vile hajawahi kumwona. Akasogea kando. Nyaga akaja nyuma yake, akampa mkono. "Nyaga." Hakutania. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akashika mkono wake, akataja jina lake, akasogea, na hakuna aliyesema neno lingine, wala namba. Mama Wanja alikuwa kati yao, mikono yake ina unga. Kiara alilirudia kila jina kwa sauti ya chini akimtazama mwenyewe machoni, na hakufuta machozi kwa sababu mkono wake haukupata nafasi. Njue alikuja na mkono wa kulia umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Alisita, kwa kuwa kwetu mtu hasalimiwi kwa kushoto. Kisha akautoa huohuo wa kushoto, na Kiara akaushika kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao.

Dereva akawasha gari. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, na nilidhani imekwisha, ila Kiara hakupanda. Alikuwa ananitazama. Mzee Ireri naye alinitazama, akanionyesha kwa kidevu kwamba nisogee. Nilivuka ua, nikampa mkono msichana ambaye nilijua sauti ya usingizi wake, na nikamtajia jina langu.